Solo la Ukambani na mashine iliyochelewa kulisikia

Kabla kinanda cha umeme hakijaingia katika bendi za Ukambani, Kenya, sehemu kubwa ya muziki ilitoka kwenye nyuzi. Huko Machakos, Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, iliyobeba jina la mlima wa kwao, walivuma miaka ya 1970 kwa benga, muziki wa magitaa yaliyogawana kazi: besi likitembea, ridhimu likisukuma, solo likipanda juu kabisa. Muongo uliofuata, kundi la Kalambya Sisters nalo likatamba na wimbo “Katelina”.

Magitaa hayo yakiwa yanavuma, mwaka 1977 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa GR-500, gitaa lililounganishwa na sinthesaiza. Mashine za namna hii hupima mtetemo wa uzi, kisha hutoa mlio wao wenyewe. Taabu ilikuwa kwenye kupima. Uzi mnene kuliko zote hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Mtetemo mmoja huchukua takriban milisekunde 12, na mashine huhitaji mmoja au zaidi ili kuitambua noti. Mpigaji mwepesi anakuwa ameshahamia noti nyingine. Uzi mwembamba kuliko zote hutetema mara 330 hivi, yaani milisekunde 3 kwa kila mtetemo. Solo la benga, linalokaa huko juu, lingeitatiza mashine kidogo kuliko besi.

Waliojitengenezea mitambo ya sauti nyumbani walikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1975 Mmarekani Craig Anderton alitoa kitabu cha michoro, Electronic Projects for Musicians, na majarida ya elektroniki yalichapisha mingine. Vifaa vingi ni vile vile anavyovijua fundi wa redio: transista, resista, kapasita na betri ya volti 9. Katika mtambo wa kushusha sauti ya gitaa, transista ya kwanza huukata mlio vilele mpaka uwe mkali. Mbili nyingine huwaka na kuzimika kwa kupokezana: mitetemo miwili ikiingia, mmoja hutoka, na sauti hushuka oktava nzima. Lakini gusa nyuzi mbili kwa pamoja, mtambo mzima utakoroma.

Kinanda hakina matatizo hayo. Kidole kikibonyeza, mashine inajua noti papo hapo, haikisii. Huenda ndiyo maana kilipofika kwenye bendi kilidumu. Hata hivyo hakikulipokonya solo nafasi yake: katikati ya wimbo wa benga, mwimbaji bado hunyamaza kulipisha gitaa.