Galatoni, Gitaa Kavu na Pedali: Msamiati wa Wapiga Gitaa wa Mbeya na Iringa

Miongoni mwa wanamuziki wa makamo wa Mbeya na Iringa, neno galatoni hutaja gitaa lolote lisilotumia umeme. Asili yake ni Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, nchi ambako wanaume wengi wa upande wa Mbeya walikwenda kufanya kazi migodini kwa mkataba wa Wenela. (Gitaa alilopiga kijana John Lennon huko Liverpool mwaka 1957 lilikuwa la nembo hiyohiyo.) Jina la biashara limekuwa nomino ya kawaida, kama ilivyokuwa kwa kiwi ya viatu.

Gitaa kavu ni istilahi ya aina nyingine. Kabla ya gitaa la umeme hapakuwa na sababu ya kusema kavu; chombo kipya ndicho kilichokilazimisha cha zamani kipewe sifa. Kisha zikaja pedali. Wawa, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, ni tanakali sauti tupu, nayo haikuhitaji mfasiri.

Hata hivyo, mpiga gitaa hakujichagulia mlio. Tancut Almasi Orchestra ya Iringa, iliyovuma miaka ya 1980, ilimilikiwa na kampuni ya umma ya kukata almasi, na vyombo vilikuwa mali ya kampuni. Katika bendi za namna hiyo, aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Mlio aliojulikana nao ulibaki stoo. Siku hizi wengi hubeba pedali zao begani, na mlio ukiharibika, fundi wa mitambo hasingiziwi tena.