Vasektomi: kinachokatwa, kinachofungwa na kinachouma

Katika kliniki za uzazi wa mpango huduma hii huitwa "kufunga kizazi kwa mwanaume". Watu wanaielewa, na sina haja ya kulipiga vita jina lililokwisha kuzoeleka. Lakini lina kasoro mbili. Kwanza, mwanaume hana kizazi: mama akisema ametolewa kizazi, kila mtu anajua kilichotolewa ni mji wa mimba. Kasoro ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Kitenzi "kufunga" kinaficha kidonda. Mlango ukishafungwa shughuli imekwisha, wala hakuna anayetarajia uvimbe usiku wa pili.

Vasektomi imeungwa kwa Kilatini na Kigiriki: *vas*, yaani chombo au mrija, na *ektome*, kukata na kuondoa. Kiswahili kilicho karibu zaidi ni "ukataji wa mirija ya mbegu". Ni kirefu, hakipendezi bangoni, ila kwenye chumba cha ushauri nasaha ningekichagua hicho bila kusita. Mwanaume anayejua kilichokatwa atajua pia kwa nini kinauma. Na kinamwokoa na neno la tatu, lile linalosemwa kijiweni kwa kicheko: kuhasiwa. Anayehasiwa huondolewa au kuharibiwa korodani. Hapa korodani hubaki zilivyo, homoni ya kiume huendelea kusafiri kwa damu, ambayo haipiti kwenye mirija hiyo, na shahawa hutoka kama kawaida, kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo sana ya majimaji yake.

Kazi yenyewe ni fupi. Daktari hudunga ganzi, hutoboa ngozi ya mfuko wa korodani, huvuta mrija nje, huukata, kisha huzifunga ncha kwa uzi au kuzichoma kwa joto. Njia ya kutoboa tundu dogo badala ya kupasua kwa kisu ilibuniwa na daktari Li Shunqiang huko Sichuan, China, mwaka 1974, na imepunguza sana damu na maambukizi. Tundu huwa dogo kiasi kwamba mara nyingi halishonwi. Udogo huo nao hudanganya: mtu anatazama alama ya nje, anasahau kwamba ndani kuna ncha nne zilizokatwa, mbili kila upande.

Ganzi ikiisha, maumivu ya siku za mwanzo ni ya kawaida, na parasetamoli au ibuprofeni huyatuliza. Aspirini iepukwe, kwa sababu huizuia damu kuganda. Hapo ndipo tunapofika kwenye tatizo ambalo madaktari huliita hematoma, na baadhi ya vipeperushi hulitafsiri "uvimbe wa damu". Kwa nini tuhangaike hivyo, na Kiswahili kina kitenzi chake cha zamani? Damu huvilia. Hutoka ndani, ikakosa njia ya nje, ikakusanyika chini ya ngozi. Mfuko wa korodani una ngozi iliyolegea, hivyo hakuna kinachoibana damu isienee. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa avae chupi ya kubana na aweke barafu iliyoviringishwa kwenye kitambaa, dakika chache kila mara, kwa siku mbili za kwanza. Vipeperushi husema ngozi itageuka bluu. Kwa mtu mweusi huenda asiione bluu hiyo: ataona weusi uliozidi, ukishuka hadi chini ya mfuko au ukipanda kwenye shina la uume, halafu ukififia taratibu. Huko ni kuvilia kwa kawaida. Uvimbe unaokua saa kwa saa, mfuko ukawa mgumu na umevutika, huo haungoji asubuhi. Vivyo hivyo homa, usaha, au damu isiyokatika. Damu kuvilia sana au kidonda kuingiwa na vijidudu huwapata mtu mmoja au wawili katika kila 100.

Baada ya wiki kadhaa maumivu huweza kubadili sura. Korodani hazijasimamisha kazi. Mbegu zinatengenezwa na njia imekatwa, zinarundikana nyuma ya korodani hadi mwili uzoee kuzifyonza. Mtu huhisi uzito, kama kuvutwa kuelekea kinenani. Mbegu zikivuja kwenye ncha iliyokatwa, kinga ya mwili huzizingira na kuacha kinundu kidogo kinachopapasika. Kitaalamu huitwa granuloma, jina linalotisha bure, kwa maana si saratani na mara nyingi hakiumi kabisa. "Kinundu cha mbegu" kinatosha.

Neno la kuchunga ni "mshipa". Mwanaume wa pwani akisema mshipa unamsumbua, muuguzi aliyekulia bara atawaza mshipa wa damu, na aliyekulia mwambao atawaza busha au ngiri. Mgonjwa aonyeshe kwa kidole: ni pale palipotobolewa, nyuma ya korodani, au kinenani? Kidole hicho hufanya kazi kuliko istilahi zote nilizozitaja.

Kuna pia maumivu sugu, yanayodumu zaidi ya miezi 3 na kumtibulia mtu maisha yake. Huwapata takriban mmoja au wawili katika 100, na haki ya mwanaume ni kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini fomu, si baada. "Sugu" hapa maana yake yanadumu. Haina maana kwamba hayatibiki. Matibabu huanza na dawa za kutuliza na chupi ya kubana, hufuata sindano ya ganzi kwenye kamba ya korodani, na kwa wachache upasuaji wa kuunganisha tena mirija au kukata neva zinazobeba maumivu.

Agizo la "pumzika" nalo linahitaji tafsiri. Kwa dereva wa bodaboda, kukaa juu ya pikipiki si kazi ngumu. Kwa fundi ujenzi, mfuko mmoja wa saruji si mzigo. Aambiwe waziwazi: siku mbili nyumbani, wiki nzima bila pikipiki, baiskeli, kubeba vizito wala tendo la ndoa.

Madhara ya "kufunga" huonekana tena maumivu yakishaisha, mtu akidhani tangu siku ile njia imefungwa. Haijawa salama bado. Mbegu zilizokwisha kuvuka pale palipokatwa hubaki mbele kwa wiki nyingi, kwa hiyo kondomu au njia nyingine ya mke iendelee kwa miezi 3, kisha shahawa zipelekwe maabara. Ni majibu ya maabara pekee, si kupona kwa kidonda, yanayoruhusu kuiacha.