Mpira wa miguu: unazaliwa wapi, unakufia wapi?

Katika Kiswahili neno ni moja tu. Mpira ni mchezo, mpira ni kitu kinachopigwa, na mpira ni ule utomvu wa mti unaovutika. Kwa Wakongomani neno hilo lina historia nzito.

Zamani huko Uingereza, ndani ya mpira wa ngozi mlikuwa na kibofu cha nguruwe. Kilipasuka haraka, na umbo la mpira lilifuata umbo la kibofu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika utomvu pamoja na salfa, ili usiyeyuke wakati wa joto wala kukatika wakati wa baridi. Tangu hapo iliwezekana kutengeneza mpira wa duara unaoshika hewa.

Lakini ulimwengu ulipouhitaji utomvu huo kwa wingi, hasa baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la hewa mwaka 1888, Kongo ndiyo iliyolia. Chini ya mfalme Léopold II, kati ya 1885 na 1908, vijiji vililazimishwa kuutafuta msituni. Walioshindwa kufikisha kipimo walichapwa, wake zao walishikwa mateka, na wengi walikatwa mikono.

Leo mipira mingi ya kushonwa kwa mkono inatoka Sialkot, mji wa Pakistani. Mpira wa kawaida una vipande 32: 20 vyenye pembe sita na 12 vyenye pembe tano. Mshonaji hupitisha sindano mara zaidi ya 600, na kazi hiyo humchukua karibu saa tatu. Mpira ukikamilika una uzito wa gramu 410 hadi 450, na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70.

Huko pia watoto waliumia. Mwaka 1996 gazeti la Marekani, Life, lilionyesha picha ya mtoto akishona mpira, na watu wengi duniani walikasirika. Mwezi wa pili 1997, wafanyabiashara wa Sialkot, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani walitia sahihi mapatano ya kuwaondoa watoto walio chini ya miaka 14 katika kazi hiyo. Ushonaji ulihamishwa kutoka nyumbani kwenda vituo vinavyokaguliwa. Hata hivyo, wanawake wengi waliokuwa wakishona nyumbani walipoteza kipato chao.

Mpira wa rangi nyeusi na nyeupe ulijulikana duniani kwenye Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Miaka minne baadaye, huko Ujerumani, Mwepu Ilunga wa Zaire alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mbali kabla Wabrazili hawajapiga faulo yao. Wengi walicheka. Yeye alieleza baadaye kwamba wachezaji walikuwa wamekasirika kwa kukosa malipo yao.

Na mpira unakufia wapi? Kwenye viwanja vyenye nyasi unachakaa polepole. Goma, juu ya mawe ya Nyiragongo, nyuzi zinakatika upesi. Fundi viatu anaushona tena. Mpira wa ndani ukitoboka unazibwa kiraka kama cha baiskeli. Kikishindikana, watoto wanajaza vitambaa ndani na mechi inaendelea. Unapotupwa, haujafa bado: ngozi ya plastiki haiozi, na ukichomwa unatoa moshi mbaya.

Katika kambi za wahami wa vita, watoto wengi hawaungoji mpira wa dukani. Wanakunja majani makavu ya migomba au mifuko ya plastiki na kuikaza kwa kamba. Mpira wa majani haurushwi na hewa, lakini ukiisha unarudi kuwa udongo, na haukumdai mtoto yeyote jasho wala mkono.

Mtoto wa Sialkot alikuwa na mpira mikononi, akakosa nafasi ya kucheza. Mtoto wa kambini ana siku nzima ya kucheza kwa sababu shule imefungwa. Wote wawili walistahili vyote viwili: darasa asubuhi, na mpira jioni.