Mpaka wa Eosini na Oligosini katika Mashapo ya Pwani ya Tanzania

Mipaka ya wakati wa kijiolojia huwekwa kwa makubaliano ya wanasayansi baada ya kusoma tabaka za miamba. Charles Lyell alibuni jina la Eosini mwaka 1833, kwa kulinganisha visukuku vya magamba na viumbe vilivyo hai. Mwaka 1854, Heinrich Ernst Beyrich aliingiza Oligosini baada yake. Hata hivyo, majina hayo yalidumu zaidi ya karne moja bila mpaka mmoja uliokubalika kimataifa.

Mpaka huo uliidhinishwa mwaka 1992 huko Massignano, Italia. Kanuni yake ni kuteua nukta moja katika tabaka za mahali pamoja: hapo ndipo Oligosini inapoanza, na Eosini humalizika papo hapo. Alama yake ni kutoweka kwa hantkenina, viumbe wa seli moja wenye magamba ya miiba walioelea baharini, takribani miaka milioni 33.9 iliyopita.

Nukta moja haiwezi kueleza yote yaliyotokea. Magamba yaliyomo katika chokaa ngumu mara nyingi hubadilika, yakapoteza kumbukumbu ya joto la bahari ya kale. Hapo ndipo pwani ya Tanzania ilipopata umuhimu. Huko Bagamoyo, mawe ya matumbawe yaliyojengewa misikiti na makaburi ya Kaole ni machanga mno kwa swali hili. Kusini, eneo la Kilwa, mfinyanzi wa bahari ya kale uko karibu na uso wa ardhi, nao umezuia maji kupenya na kuyaharibu magamba.

Watafiti, wakiwemo Paul Pearson na Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichimba visima huko na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Isotopi za oksijeni zilionesha mabadiliko ya tabianchi kwa hatua mbili, wakati barafu ilipokuwa ikienea Antaktika. Hantkenina walitoweka kati ya hatua hizo, baada ya aina nyingine kutangulia.

Kwa hiyo, mpaka rasmi umebaki Italia, lakini maana yake imefafanuliwa Kilwa: mstari uliochorwa kama nukta moja umepita katikati ya badiliko lililochukua muda mrefu.