Asparagasi ya Mapambo: Mtoto wa Kichaka Chetu Aliyekwenda Ulaya na Kurudi

Leo tuweke kando kidogo habari za mahindi na maharage, tuzungumze juu ya mmea mmoja ambao huenda umekuwa ukiufyeka kwa panga kila mwaka unaposafisha mpaka wa shamba lako. Ni ule unaopanda juu ya miti mingine, wenye shina jembamba na miiba iliyopinda kama ndoana, na majani membamba mno kama manyoya ya ndege. Sasa nenda mjini. Utaukuta umekaa katika chungu kwenye meza ya mapokezi ya hoteli, au barazani kwa tajiri, na ukiutaka utatoa fedha.

Mama mmoja mkulima aliwahi kuniuliza, "Bwana shamba, hivi watu wa mjini wananunua magugu?" Siku ile nilicheka tu, sikumjibu. Lakini swali lake lilikuwa la maana. Jibu lake ni historia, na historia hiyo ndiyo inayotufundisha namna ya kuutunza mmea wenyewe. Mimi niliichelewa kuijua, na mama yule akapata hasara. Nitakueleza.

JINA LISILO LAKE

Mmea huu ni asparagasi ya mapambo. Wataalamu huuita Asparagus setaceus. Hukua wenyewe porini toka Ethiopia, ukapita Afrika Mashariki, mpaka Afrika Kusini. Lakini katika biashara ya maua Waingereza wameuita kangaga, na sisi tumelipokea jina hilo bila kuuliza.

Basi tuulize. Kangaga unaijua: huota penye majimaji na kivuli, haitoi ua wala mbegu, huzaa kwa unga mwembamba unaokaa chini ya majani yake. Asparagasi si hivyo. Hutoa maua madogo meupe, kisha matunda ya mviringo yenye mbegu ndani. Ni ndugu ya ile asparagasi inayoliwa, mboga ambayo machipukizi yake huuzwa kwa bei kubwa. Hata hayo tunayoyaita majani si majani hasa. Ni vijitawi vilivyogeuka vikafanya kazi ya majani. Majani ya kweli yamebaki kama magamba madogo na ile miiba inayokuchoma.

Ilikuwaje basi ikaitwa kangaga?

SAFARI YA ULAYA

Kuanzia miaka ya 1840 hivi, watu wa Uingereza walishikwa na wazimu wa kupenda makangaga. Waliyachimba misituni, wakayapanda majumbani, wakayachora kwenye vyombo. Kabla ya hapo, mwaka 1829, daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alikuwa ameona kangaga ikichipua yenyewe ndani ya chupa iliyofungwa, yenye udongo mbichi. Akatengeneza masanduku ya vioo. Mwaka 1833 masanduku hayo yalisafirishwa kwa meli mpaka Australia, na mimea ikafika hai. Tangu hapo, mimea ya Afrika, Asia na Amerika ikawa inasafiri baharini bila kufa kwa chumvi na upepo.

Lakini ndani ya nyumba kulikuwa na shida. Nyumba za wakati ule ziliwashwa taa za gesi na kupashwa moto kwa makaa ya mawe. Hewa ilikuwa kavu, yenye moshi. Makangaga laini yalikauka. Watu wakataka mmea wenye sura ya kangaga lakini wenye ugumu wa kichaka. Mmea huo ulikuwa huku kwetu.

Mwaka 1850 mtaalamu wa Kijerumani, Carl Kunth, aliuandika kitabuni kwa jina lenye maana ya nywele ngumu kama za brashi. Mwaka 1875 Mwingereza John Gilbert Baker, wa bustani ya Kew, aliuandika tena kwa jina la plumosus, yaani wenye manyoya. Mmea mmoja ukawa na majina mawili. Ilikuwa mwaka 1966 ndipo mtaalamu aitwaye Jessop alipoyaunganisha, na jina la kwanza likashinda. Ndiyo maana mpaka leo wauza maua wengine hutumia jina la zamani.

Ndugu yake mwingine, mwenye matawi yanayoning'inia na matunda mekundu, alitoka Natal, Afrika Kusini. Karibu mwaka 1890 aliingia katika biashara kwa mkono wa Carl Sprenger, Mjerumani aliyekuwa akiuza mbegu na mimea huko Naples, Italia. Mmea ukapewa jina la Sprenger, si la mtu wa Natal.

Asparagasi ikapendwa mno. Tawi lake likikatwa halinyauki upesi, kwa hiyo likawa linafungwa pamoja na maua ya maharusi, likawekwa kwenye mashada ya mazishi na kwenye koti la bwana harusi. Huko Florida, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima waliilima chini ya mapaa ya kivuli, wakauza matawi tu. Ndugu mkulima, wenzako walijenga maisha kwa kitu unachokifyeka.

Wala haikuwa peke yake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau huko Usambara, akalipeleka kwao. Leo ua hilo liko madirishani dunia nzima, na jina la kitaalamu lililopewa wakati ule, Saintpaulia, lilitokana na ukoo wake. Wenyeji walioijua misitu na njia zake, majina yao hayakuingia katika jina la ua. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ilichukua mpaka mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa kukubaliana kwa mkataba kwamba kila nchi ina haki juu ya mimea na viumbe vyake.

UPANDE WA PILI

Usidhani safari hiyo ilileta heri tupu. Ndege hula matunda ya asparagasi na kuzitawanya mbegu. Huko Australia mmea ulitoroka bustanini ukaingia misituni, ukafunika mimea ya kwao. Mwaka 2012 serikali yao iliziweka aina kadhaa za asparagasi, pamoja na hizi mbili, katika orodha ya magugu mabaya ya taifa zima. Kwa hiyo ukiwa na aina ya kununua iliyotoka mbali, usitupe masalio yake kichakani wala mtoni. Yakaushe, uyachome.

KOSA LANGU

Sasa turudi kwa yule mama. Baada ya kuuliza lile swali alichimba shina moja mpakani mwa shamba lake, akalipanda katika debe, akaniuliza alinyweshe vipi. Nami kwa kuwa nilikuwa nimelisoma kwa jina la kangaga, nikamwambia, "Maji kila siku, asubuhi na jioni." Akafuata neno langu. Baada ya wiki chache matawi yakawa manjano, yakapukutika. Tulipoling'oa tukakuta mizizi imeoza. Hapo ndipo nilipofahamu. Mmea wa kichakani kwetu ni mmea wa kungojea mvua. Hauhitaji maji kila siku. Kosa lilikuwa langu, si lake.

Kwa hiyo shika haya:

Chombo kiwe na matundu chini. Debe kuukuu au chungu cha udongo kinatosha. Changanya mafungu mawili ya udongo mzuri, fungu moja la samadi iliyooza sawasawa, na fungu moja la mchanga.

Mwagilia udongo wa juu ukiwa umekauka kiasi cha pingili moja ya kidole. Wakati wa baridi punguza. Maji yakituama kwenye kisahani, yamwage.

Weka penye mwanga mzuri bila jua kali la mchana. Barazani panafaa. Gizani utakuwa manjano, na juani utaungua.

Matawi makuukuu yakate karibu na udongo. Ukiona vumbi la manjano na utando mwembamba, hao ni utitiri. Osha majani kwa maji safi, urudie baada ya siku chache.

Mizizi ikijaa chomboni, toa shina zima, ligawe kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi, upande upya.

Ukitaka kwa mbegu, chuma matunda yaliyoiva, ondoa nyama yake, loweka mbegu siku moja, zisie kivulini. Vumilia, maana kuota huchukua wiki kadhaa.

Jambo la mwisho ni la usalama. Matunda haya hayaliwi. Mtoto akiyala anaweza kutapika na kuharisha. Weka chombo mbali na watoto, uwaonye. Na usiyachanganye na asparagasi ya mboga, ingawa ni ndugu. Utomvu wake nao huwasha ngozi za watu wengine, hivyo nawa mikono baada ya kukata.

Tena usikimbilie msitu wa hifadhi kuchimba. Kung'oa mimea humo bila kibali ni kosa, na tukichimba sote hautabaki wa kuchuma mbegu. Anza na ule ulio kwenye shamba lako. Wala sikuahidi utajiri. Kabla hujaotesha vyungu 20, ulizia kwanza kwa wauza maua wa mji ulio karibu kama watanunua, na kwa bei gani, halafu andika gharama zako.

Yule mama alipanda tena, safari hii kwa mbegu za mpakani mwake, na maji kidogo. Mche wake ulipoanza kutoa manyoya aliniita nikautazame, akasema, "Bwana shamba, huu sasa umwagilie wewe kwa macho tu." Tulicheka sote wawili, lakini somo lilikuwa limeingia. Kabla ya kuupa mmea maji, uulize kwanza kwao ni wapi.