Kijiji cha Harambe na laini ya mitungi

Huko Florida, Marekani, kuna kijiji cha Kiswahili ambacho hakuna mtu anayelala ndani yake. Kinaitwa Harambe. Kampuni ya Disney ilikijenga ndani ya bustani yake ya burudani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998. Kuta zake zimechubuliwa makusudi zionekane za zamani, mabango yana maneno ya Kiswahili, na ukikaza macho utaona Lamu imekopwa hapa na pale. Jina lenyewe ni harambee yetu, ile ya Mzee Kenyatta, ila e moja ilipotelea njiani. Hapo kijijini unapanda lori la wazi, unazungushwa kuona twiga na simba. Safari hiyo inaitwa Kilimanjaro Safaris.

Mwaka 1999 Disney walipoanzisha mpango wao wa kuruka laini, FastPass, Kilimanjaro Safaris ilikuwa kati ya michezo ya kwanza kuupata. Yaani mpango maarufu kuliko yote wa kupita mbele ya wenzako ulianza kijijini mwa "tuvute pamoja". Ningekuwa nimetunga mimi, mngesema nimetia chumvi.

Kwa nini waliuhitaji? Disneyland ya kwanza ilifunguliwa California mwaka 1955, na kwa miaka mingi kila mchezo ulikuwa na tiketi yake. Tiketi ya A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo. Ile ya E, iliyoongezwa mwaka 1959, ilikuwa ya michezo mikubwa, na ilikuwa ghali kuliko zote. Mwaka 1982 wakaacha hizo tiketi. Ukishalipa mlangoni, panda chochote unachotaka. Sasa kama kila kitu ni bei moja, nani ataanza na cha A? Watu wote wakamiminika kwa michezo ile ile mikubwa. Pesa ilikuwa imeondoka, saa zako zikawa ndizo bei.

FastPass ilikuwa hivi: unaingiza tiketi yako kwenye mashine, inakutolea karatasi yenye saa ya kurudi. Unaenda zako kula, kununua kofia, kisha unarudi saa yako ikifika na kupita mlango wa pembeni. Ilikuwa bure, kwa kila mtu. Karatasi inakusimamia kwenye laini.

Hapo ndipo nilipocheka, kwa sababu huku Tuala tunacho kitu hicho. Kinaitwa mtungi.

Kama hujafika Tuala, iko huku Kajiado, ng'ambo ya mbuga ya Nairobi, na unaweza kutoka kwenda mjini kwa upande wa Rongai au wa Kitengela. Nyumba zinaota haraka kuliko mabomba. Maji ni ya kisima kilichochimbwa na mtu, ya lori, au ya mkokoteni. Ukienda kisimani asubuhi utakuta mitungi ya manjano imejipanga kama wanafunzi paredi, na wenyewe hawapo. Mmoja anaosha mtoto, mwingine amerudi kupika chai. Mtungi ndio umesimama. Ukiusogeza wa mwenzako nyuma, utajua hujui, maana kila mtu anajua wa nani una kifuniko cha kitambaa na wa nani umeandikwa kwa rangi ya kucha.

Ni mpango mzuri, na ningeusifu hadi mwisho kama si mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mtu akisimama mwenyewe, yuko sehemu moja tu. Akisimamiwa, anaweza kuwa sehemu tatu. Pale Disney, yule mwenye karatasi hakuwa amekaa chini ya mti akingoja. Alikuwa kwenye laini ya mchezo mwingine, anairefusha. Kisimani vivyo hivyo. Zamani ulileta mitungi miwili kwa sababu una mikono miwili. Mtungi ukishajifunza kusimama peke yake, unaleta minane.

La pili ni hesabu. Tuseme bomba linajaza mtungi wa lita 20 kwa dakika mbili. Hiyo ni mitungi 30 kwa saa, hata upange laini namna gani. Sasa anakuja jamaa wa mkokoteni na mitungi 20. Anamwongeza mwenye bomba kitu kidogo, anaanza kujaza. Ameokoa muda, bila shaka. Lakini wote waliokuwa mbele yake sasa wanangoja dakika 40 zaidi, na kama kuna watu kumi hapo, hiyo ni karibu saa saba za maisha ya watu. Bomba halijaongeza hata tone. Baadaye mama aliyechoka kungoja anaondoka, na ananunua maji kwa huyo huyo wa mkokoteni, kwa bei ya juu.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama kuruka laini kunafanya matembezi kuwa matamu zaidi, namuuliza: bomba limeongezwa, ama ni laini tu imepangwa upya?

Si kwamba kupita mbele ni dhambi. Kisimani mama mjamzito hupitishwa, na mzee mwenye fimbo, na yule ambaye nyumbani kwake kuna matanga. Hakuna anayenung'unika. Hiyo ni laini yenyewe imekubaliana. Historia yetu ina miruko mingine ambayo laini haikuulizwa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilibeba watu kwa madaraja, la kwanza Wazungu, la pili Wahindi, la tatu sisi. Treni ilikuwa moja na ilifika saa moja, ila nafasi yako ilishapangwa kabla hujafika stesheni.

Halafu kuna 1988, ambayo wazazi wetu wanaisimulia wakicheka kwa uchungu. Kwenye mchujo wa KANU, hakukuwa na karatasi za kura. Ulisimama kwenye mlolongo nyuma ya mgombea wako, au wakala wake, au picha yake, mchana kweupe, bosi wako akikuona. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alikuwa amepita moja kwa moja, hakuna haja ya kura ya siri baadaye. Nadhani hiyo ndiyo laini pekee nchini ambayo ukirefuka unafurahi. Na bado ilirukwa! Kuna mahali watu waliona kwa macho yao mlolongo mfupi ukitangazwa mshindi. Chama kiliuacha mtindo huo Desemba 1990, lakini neno lilibaki na ladha yake.

Limebaki pia kama jina la mji. Ukitoka kwetu kwa upande wa Kitengela, unapita Athi River, unafika Mlolongo, mji uliopewa jina na laini ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito kwenye mizani. Hapo hapo ndipo inapoanzia Nairobi Expressway, kilomita 27 hadi Westlands, sehemu yake ikiwa hewani. Magari yaliruhusiwa kuingia Mei 2022. Nani alichagua kuanzishia barabara ya kuruka jam kwenye mji unaoitwa Laini? Pengine ni ramani tu, lakini mimi hufurahia vitu kama hivi. (Niliacha chuo, nina muda.)

Expressway inanipa shida kwa hoja yangu, na sitaificha. Hii si kama mkokoteni. Hapa bomba limeongezwa kweli: kuna lami mpya juu ya ile ya zamani, na kila gari linalopanda juu limeondoka chini. Hata wa chini anaweza kupumua kidogo. Nimeipita mara chache, na ni raha: Syokimau, Cabanas, General Motors, zote zinapita kama picha.

Lakini angalia bei. Ilipofunguliwa, gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands lililipa shilingi 360. Tangu Januari 2024 ni 500. Kampuni iliyoijenga, China Road and Bridge Corporation, inarudishiwa pesa zake na hayo malipo kupitia kampuni yake tanzu, Moja Expressway, kwa mkataba wa miaka 27. Ndani ya miaka hiyo, anayeuza njia ya juu anauza nini hasa? Anauza tofauti kati ya juu na chini. Siku Mombasa Road ya bure itakapopitika vizuri saa moja asubuhi, mabasi yakiwa na njia yao, nani atatoa 500? Sisemi kuna mtu ameketi ofisini akiombea jam. Nasema jam imekuwa na mtu anayefaidika nayo, na zamani haikuwa naye.

Disney nao walifika hapo hapo. FastPass ya bure ilisimama bustani zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, na haikurudi. Oktoba 2021, pale Florida, mlango wa pembeni ulirudi kwa jina la Lightning Lane, kwa kulipia: dola 15 kwa mtu kwa siku, na michezo inayopendwa sana ililipiwa kivyake. Ni tiketi ya E imerudi, ila safari hii aliyelipa mlangoni tayari analipa tena, na asiyeweza anasimama akiwatazama wanaopita. Watoto wanauliza baba zao kwa nini wale wanapita. Hilo ndilo ambalo karatasi ya bure haikufanya, na mtungi wa Tuala haukufanya.

Kwenye matatu ya Kitengela kuna asubuhi konda anageuka tukikaribia Mlolongo: "Wasee, tuongeze hamsini hamsini tupite juu?" Wenye kazi za kuripoti saa mbili wanatoa haraka. Mwanafunzi anaangalia dirishani. Mama mwenye gunia la sukuma anasema yeye hana haraka, ashushwe basi. Dere anapunguza mwendo, na kila mtu anageuka kumtazama huyo mama.