Wakati wa Kuweka Zote

Mwaka 1970 bingwa wa poka alipatikana kwa kura. Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe mjini Las Vegas, aliwakusanya wacheza karata wazito, na walipomaliza kuchuana wakaulizwa nani kati yao ni fundi kuliko wote. Akatajwa Johnny Moss. Inasimuliwa kwamba mwanzoni kila mmoja alijipigia kura mwenyewe, jambo lisilomshangaza yeyote anayewajua wacheza kamari.

Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilika. Kila mchezaji alitoa dola 5,000, akapewa chipu za thamani hiyo. Aliyeishiwa alitoka, hadi chipu zote zikarundikana mbele ya mtu mmoja. Moss akashinda tena, safari hii bila kumwomba mtu kura.

Utaratibu huo ndio uliozaa ufundi mpya. Kwenye poka ya kawaida, mtu anaweza kukesha akisubiri ree mbili, na akiliwa anatia mkono mfukoni. Mashindano hayana mfuko wa pili. Tena yapo madau ya lazima, yale yanayotolewa kabla ya kuziona karata, ambayo hupandishwa kila baada ya muda. Anayesubiri karata nzuri anamalizwa polepole bila hata kupigana.

Wapenzi wa mchezo huu hupenda kisa cha Jack Straus, aliyedhani ameishiwa katika mashindano ya 1982, akagundua imebaki chipu moja ya dola 500, na kwa hiyo moja akarudi hadi kutwaa ubingwa na dola 520,000. Kisa kitamu, lakini ni mwalimu mbaya. Chipu moja haimtishi mtu, na dau lisilotisha lina njia moja tu ya kushinda: karata zenyewe. Anayeweka zote angali na rundo la kuwaumiza wenzake ana njia mbili, kwa sababu wenzake wanaweza kutupa karata zao. David Sklansky, katika kitabu chake cha 2002 kuhusu mashindano, alieleza kwamba kulijibu dau la mwenzako kunahitaji karata bora kuliko za kulianzisha wewe.

Dunia iliona jambo hilo mwaka 2003. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia mashindano madogo ya intaneti, alibaki na Sammy Farha, mzoefu wa meza kubwa, kati ya washiriki 839. Mezani palikuwa na shupaza tatu. Moneymaker alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa, akitarajia shupaza ya nne au mfuatano wa namba. Karata ya mwisho ikawa tatu ya kopa, isiyomfaa kitu. Akasukuma zote katikati. Farha alikuwa na jozi ya tisa, yaani alikuwa mbele. Akawaza, akauliza kama mwenzake amekosa shupaza yake, kisha akatupa karata. Watazamaji wa televisheni, walioonyeshwa karata za wote wawili, waliona mkwara mtupu ukishinda.

Aliyeshika nafasi ya tatu siku hiyo alikuwa Dan Harrington, bingwa wa 1995. Mwaka 2005 alitoa kitabu kuhusu hatua za mwisho za mashindano, akitumia kipimo cha Paul Magriel: gawanya chipu zako kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja. Mwenye 6,000, pale mzunguko unapokula 1,500, amebakiwa na minne. Chini ya mitano, alisema Harrington, uchaguzi ni kuweka zote au kutupa.

Mwaka 2006 washiriki wakafika 8,773, na hesabu hiyo ikawa mali ya umma. Hata hivyo, hesabu inayojulikana na mshambuliaji inajulikana pia na anayeshambuliwa. Akijua kwamba unasukuma kwa sababu ya njaa, anakujibu kwa karata ambazo zamani angezitupa, na njia yako ya pili ya kushinda inazidi kuwa nyembamba.